Uzi wa Kumpimia Severin

Innerau, 8 Oktoba 1961

Mwanangu Hedi,

Nakuandikia nimekaa kwenye benchi ya jiko, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, maana leo tumewashusha ng'ombe kutoka malisho ya juu na mimi mjinga nikatembea njia yote kama msichana. Baba yako kaniambia, "Notburga, panda gari la nyasi," nikakataa, sasa ona. Lakini tu wazima. Baba yako anakohoa asubuhi tu. Ng'ombe wote wamerudi, na yule mweusi ana mimba. Nyumba imefagiliwa, vyumba vya wageni vimepigwa chokaa, wale walimu wawili wa Ulm wameshaandika kwamba watakuja tena Krismasi na wanataka chumba kile kile chenye dirisha la mlimani. Detlef mkwe wangu hajambo? Mwambie nimemfumia soksi, na asizivae kule bandarini zikaliwa na chumvi.

Sasa jambo lenyewe. Baba yako anataka uzi wa kipimo cha Severin, amchongee mbao zake za kutelezea thelujini. Kila mwaka unamtumia Oktoba, sasa tarehe nane na sijauona. Mti ameshaukata, ule mgumu mweupe uliokuwa nyuma ya ghala, umekauka vizuri, anaupapasa kama anapapasa farasi. Unajua mwaka huu si kama mingine. Mtoto ametimiza miaka minane, kwa hiyo mwezi wa kwanza, Siku ya Wafalme Watatu, hataanzia katikati ya mteremko na watoto wadogo, ataanzia juu kabisa, pale kwenye kikanisa, ashuke na taji lake la karatasi mpaka kwenye ukuta wa makaburi, na babu yake amgongee kengele ya nyumba hadi afike. Kengele baba yako ameisugua kwa majivu mpaka unaweza kujitazama.

Msimamishe mtoto ukutani bila viatu, ainue mkono juu kabisa, uzi uanzie sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono. Nakukumbusha kwa sababu Detlef ni mtu wa baharini na anaweza kudhani tunapima mlingoti.

Samahani kwa mwandiko, beseni linatikisika.

Mama yako anayekupenda,
Notburga


Bremen, 2 Novemba 1961

Mama mpendwa,

Barua yako ilifika mapema, ni mimi niliyechelewa. Hapa mvua haikatiki, nguo zinakauka jikoni siku tatu. Detlef hajambo, wanamalizia meli kubwa, anarudi amechoka hata kijiko kinamponyoka. Anakushukuru kwa soksi kabla hajaziona. Mwambie Baba anywe maziwa ya moto na asali, asiseme tu ni kikohozi cha asubuhi, maana namjua.

Severin yupo. Anachora sana. Amechora ng'ombe wenu wote na kila mmoja amempa kofia. Shuleni mwalimu anamsifu kwa kusoma. Uzi nilisahau, nisamehe, mambo yalikuwa mengi. Sina hakika kama tutaweza kuja mwaka huu, safari ni ndefu na Detlef huenda asipate ruhusa. Tusimwambie Baba bado.

Nataka kukuuliza kitu. Mjomba Kassian, mdogo wako, alikufa kwa nini? Mimi nilikuwa sijazaliwa, na picha yake ni ile moja tu, amekaa mbele ya nyumba na blanketi miguuni wakati wengine wote wamevaa mikono mifupi. Nauliza tu.

Binti yako,
Hedi


Innerau, 19 Novemba 1961

Hedi mwanangu,

Salamu kutoka kwenye unga. Mikono yangu ina siagi mpaka kwenye kiwiko, karatasi ikiwa na madoa ndiyo hayo. Nimeshaoka biskuti za karanga na zile za mwezi mchanga anazozipenda Severin, nimezificha kwenye kopo juu ya kabati la chumbani kwetu, na baba yako tayari anajua zilipo, nimeona sukari kwenye ndevu zake. Theluji imefika hadi kwenye kizingiti. Vijana wamemwaga maji uwanja wa nyuma ya shule, umeganda, jioni wazee wanatelezesha vile vigingi vyao vya chuma na kutukanana kwa furaha.

Afra wa jirani alipita jana. Mjukuu wake Korbinian naye ana miaka minane, naye ataanzia juu. Akaniambia mbele ya watu dukani, "Mjukuu wako wa pwani je, bado anateleza kwa makalio?" Nikamwambia, "Afadhali makalio ya Severin, Afra, kuliko ulimi wako, huo unateleza hata kiangazi." Watu walicheka mpaka muuza mkate akaangusha mzani. Lakini nilirudi nyumbani roho imenikaa vibaya.

Unasema hamtakuja. Hedi, usinifanyie hivyo. Detlef asipopata ruhusa njoo wewe na mtoto. Nitalala mimi jikoni, wageni hawatajua. Baba yako kila jioni anashika ule mti, anaugeuza, anauweka chini. Hawezi kukata bila uzi.

Kassian alikufa zamani, majira ya baridi, homa ya kifua. Wengi walikufa hivyo. Kwa nini unaniuliza habari za wafu wakati wa kuoka biskuti?

Tuma uzi.

Mama


Bremen, 3 Desemba 1961

Mama,

Tunakuja wote, tarehe ishirini na tatu, treni ya jioni. Detlef ameomba ruhusa na amepewa. Uzi huu hapa, nimetumia sufu nyekundu iliyobaki kwenye sweta lake.

Nakuomba mambo mawili. Baba asimtoe mtoto nje siku ya kwanza, mwache apumzike. Na usimruhusu Afra aje siku ya kwanza pia.

Kassian, kabla ya homa, alikuwa anatembea?

Hedi


Innerau, 10 Desemba 1961

Mwanangu,

Mungu akubariki, mnakuja! Nimecheka peke yangu jikoni hadi paka akaondoka. Walimu wa Ulm nimewahamishia chumba cha upande wa zizi, wakinung'unika wanywe maziwa ya bure. Nyama ya moshi ipo, kabichi ipo, nimenunua ubani mpya wa kufukizia nyumba usiku wa Krismasi, safari hii Severin atabeba chetezo yeye mwenyewe, babu yake atabeba maji ya baraka.

Nyinyi nimewatayarishia chumba kidogo cha chini, kile cha karibu na jiko. Ngazi zinateleza mwaka huu.

Sasa kuhusu uzi. Baba yako aliufungua mezani kama mtu anayefungua sakramenti. Akaenda karakana, akauweka juu ya mbao za mwaka jana. Akarudi amekasirika, uso mwekundu. "Tazama," akasema, "ni mfupi kuliko wa mwaka jana! Huyu binti yako amekaa na watu wa bandarini mpaka amesahau kupima mtoto. Amepima hadi utosini!" Nikamwambia, "Labda, Gebhard." Akasema, "Labda nini? Mtoto hapungui kama sabuni." Basi akaongeza urefu wa mkono kwa kukadiria, na upana wa kidole kimoja kwa ajili ya kukua, kama anavyofanya siku zote, na leo ameshaanza kukata. Mbao ndefu, Hedi. Nzuri sana. Ncha zinapindwa kwenye mvuke mbele ya jiko langu, nyumba nzima inanuka mti.

Nilimwambia, "Kwa nini usimtengenezee sleji tu ya kukalia na kuvutwa mwaka huu, mtoto afurahi?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Sleji ni ya wadogo na ya kuni," akasema. "Mjukuu wangu ataanzia kanisani."

Niliuchukua ule uzi usiku nikauzungusha kwenye kidole changu. Sufu nzuri. Mkono wako haukosei kupima, mimi ndiye niliyekufundisha.

Njoo tu. Hayo mengine tutasema uso kwa uso.

Mama yako


Bremen, 9 Januari 1962

Mama,

Tumefika salama. Severin alilala njia yote kichwa kwenye mapaja ya Detlef. Nasikitika niliondoka bila kukuaga, na najua ulisimama kwenye theluji bila koti mpaka treni ikapotea, Detlef aliniambia. Mimi sikugeuka. Nakuandikia sasa kwa sababu wiki mbili nzima tulikaa meza moja na hatukusema neno lililokuwa mezani. Tulisema kuhusu supu. Tulisema kuhusu walimu wa Ulm na kukoroma kwao.

Sitakusahau ulivyompokea. Hukumwambia "umekua!" kama unavyosema kila mwaka. Ulipiga magoti kwenye jukwaa la stesheni ukamfunga kitambaa shingoni, na mikono yako ikapita kwenye mashavu ya miguu yake, polepole, kama unapima nyama ya mnyama. Halafu ukainuka ukasema, "Twende nyumbani, supu inapoa." Nilikuona, Mama.

Ubani ulikwenda vizuri. Alibeba chetezo chumba hadi chumba, Detlef amembeba yeye, na Baba akasema, "Mbona abebwe? Ni mfalme wa Uajemi?" Severin akajibu, "Ndiyo, na wewe ni ngamia wangu, unakuja nyuma na maji." Tukacheka sote. Hata mimi nilicheka. Nilifikiri pengine yatapita hivi hivi kwa kicheko.

Lakini siku ya tatu Baba alileta mbao. Siku ya kupumzika niliyokuomba ilikuwa imepita. Alikuwa amechora jina la mtoto kwa moto kwenye ncha. Severin alizishika akazinusa. Akasema, "Babu, ni ndefu kama za mtu mzima," na Baba akavimba kifua. Wakatoka uani. Mimi nilibaki dirishani nikijiambia nikitoka nitapiga kelele. Alimfunga mikanda. Mtoto akasimama, akashika fimbo, akatabasamu upande wangu, akaanguka. Baba akasema, "Inuka, bwana mdogo! Theluji haijamla mtu kwa kuanguka." Severin akageuka kifudifudi, akaweka mikono chini, halafu akaweka mikono kwenye magoti, halafu kwenye mapaja, akajipanda mwenyewe kama mtu anayepanda ngazi, mpaka akasimama. Akaanguka tena. Akajipanda tena. Mara ya tatu Baba alipiga magoti kwenye theluji. Alimfungua mikanda, akambeba ndani, akamweka kwenye benchi ya jiko karibu na wewe. Kisha akaenda karakana akakaa mpaka giza.

Wewe ulikuwa unakata vitunguu. Hukuuliza kimetokea nini. Ndipo nilipoanza kujua kwamba unajua.

Na Siku ya Wafalme Watatu. Nilikuwa nimeamua tukae ndani, niseme ana mafua. Watoto walianza kupita na mataji yao, mbao begani, Korbinian mbele, akapiga dirisha akaita, "Severin, tunaondoka!" Mtoto wangu akaniangalia. Hakulia. Alivua taji lake akaliweka juu ya meza, akalilainisha kwa kiganja. Ningetaka alie.

Ndipo ulipoteremka kutoka darini na ile sleji.

Unakumbuka nilipokuwa mtoto ulinikataza kuigusa? Ilikuwa nyuma ya masanduku, ina kiti chenye mgongo mrefu na mikanda miwili ya ngozi, mmoja wa kifua na mmoja wa magoti. Nilidhani ni ya kubebea mtakatifu siku ya maandamano. Uliifuta vumbi kwa aproni yako. Ngozi ulikuwa umeshaipaka mafuta, Mama, ilikuwa laini, haikuwa ngozi ya kukaa darini. Uliipaka lini? Kabla hatujafika?

Tulipomrudishia taji lake na kutoka na sleji barabarani, wazee walinyamaza. Afra alifanya ishara ya msalaba. Afra, ambaye hajawahi kunyamaza hata kwenye mazishi. Wote walioizidi miaka yako waliijua ile sleji. Nikawatazama usoni mmoja mmoja, na kila mmoja alitazama chini. Ndipo nikaelewa blanketi la kwenye picha.

Detlef aliivuta mpaka kanisani. Mimi nilisimama chini na Baba kwenye ukuta wa makaburi. Baba alishika kengele lakini hakuigonga. Korbinian akashuka, babu yake akagonga, watu wakapiga makofi. Wasichana wawili wakashuka. Halafu kule juu tukaona kitu chekundu kidogo, sweta lake. Nikamwambia Baba, "Gonga." Akasema, "Hasimami kwa miguu yake." Nikamwambia, "Baba, nakuomba, gonga." Akaanza kugonga. Severin alishuka akipiga kelele za furaha, taji likaruka, Detlef akimkimbilia nyuma akianguka kila hatua kumi, na Baba akagonga, akagonga, mtoto alikuwa ameshafika, sleji imeshasimama mbele yetu, anacheka, theluji imejaa kwenye nyusi, na Baba bado anagonga, mpaka nikamshika mkono.

Usiku ule nilifunga mizigo.

Daktari hapa aliniambia tangu Septemba. Misuli inaisha, inaanza miguuni inapanda. Hakuna dawa. Hakusema "kwa sasa," alisema hakuna. Akauliza kama kuna mvulana mwingine upande wa mama, kwa sababu ugonjwa huu unapitia kwa mama unawakamata wavulana. Nikasema hakuna, mjomba wangu mmoja tu, alikufa kwa homa ya kifua.

Nilikuuliza mara mbili. Nakuuliza mara ya tatu. Kassian alikuwaje, na aliishi mpaka lini? Nijibu kama unavyomjibu mtu mzima.

Hedi


Innerau, 21 Januari 1962

Mwanangu, mtoto wangu,

Baba yako anakohoa, ng'ombe mweusi hajazaa, wageni wameondoka. Nimeanza barua hii mara nyingi na kila mara jiko limeila. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mambo haya hata mwenye shule sijui angeyaandikaje. Nitaandika kama ninavyosema.

Kassian alitembea kwa vidole, visigino havigusi chini, tukamwita kuku. Mimi ndiye niliyemwita hivyo wa kwanza, kwa mapenzi. Akawa anaanguka. Akawa anajipanda kama ulivyoona. Alipofika miaka kumi hakutembea tena. Baba yetu akatengeneza ile sleji, nami nikawa namvuta, shuleni, kanisani, kwenye barafu, kila mahali penye theluji, na kiangazi alikaa mbele ya nyumba na blanketi kwa sababu miguu yake ilikuwa baridi siku zote. Alikuwa na mdomo mchafu na akili kali. Alikuwa anawahukumu wazee mchezo wa vigingi, akikaa katikati ya uwanja na filimbi, hakuna aliyethubutu kumbishia. Homa ya kifua ilikuja kweli, Hedi, sikukudanganya hapo. Ilikuja kwa sababu kifua nacho ni misuli. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Umetaka nikujibu kama mtu mzima, basi hiyo ndiyo hesabu na nimeiandika, na mkono wangu umekufa.

Mama yangu alitukataza kusema. Nyumba yenye kitu kama hicho, alisema, wasichana wake hawaolewi. Nikaolewa. Nikakuzaa wewe, msichana, nikashukuru. Ulipomzaa mvulana nilikwenda kanisani siku tisa. Mwaka juzi nilimwona akitembea kwa vidole jikoni kwangu, nikajiambia watoto wote hutembea kwa vidole, sakafu ni baridi. Mwaka jana nikamwona akiinuka kwenye theluji. Wewe ulikuwa unacheka na Afra. Ningesema nini? Ningekuja nikakuvuta aproni nikasema acha kucheka? Nilifikiri nikikaa kimya nakununulia msimu mmoja zaidi wa kucheka. Sijui kama nilifanya vema. Sijui chochote.

Ndiyo, ngozi niliipaka mafuta Novemba, siku ile nilipopata barua yako ya kwanza yenye lile swali.

Kuna mambo nayajua na lazima nikupe, maana ndiyo tu niliyo nayo. Usiku mgeuze, yeye hataweza na ataona haya kukuita. Weka mto wa manyoya katikati ya magoti. Usimwache anenepe kwa huruma, atakuwa mzito kwa mgongo wako. Usimnyanyue kwa makwapa, mabega yatateguka, pitisha mkono chini ya mapaja. Akikutukana, mwache. Akitaka kushuka mlima peke yake, mwache pia. Mama alimkataza Kassian mwaka wa mwisho, na mpaka leo namsikia akiomba.

Zile mbao baba yako ameziweka ukutani karakana, anazitazama. Nilitaka kumpa mtoto wa muuza mkate, zinamfaa, akanifukuza.

Sina la kukufariji. Nimelitafuta nyumba nzima.

Mama


Bremen, 27 Aprili 1962

Mama,

Nilisoma barua yako, nikaiweka. Wiki nyingi nilikuwa na hasira, halafu usiku mmoja nikamgeuza mtoto kama ulivyosema, nikaweka mto, akasema bila kufungua macho, "Hapo pazuri." Hasira ikaondoka nikabaki mtupu.

Detlef amempiga mtu kazini. Hataki kusema kwa nini. Tumehamia nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Mengine usiniulize, utayaona.

Severin anauliza kama kule bado kuna theluji. Anauliza kama Babu amekasirika kwa sababu ya mbao. Anasema mwakani atatuma uzi mapema, Detlef atamshikilia mkono juu. Nilitoka nikaenda kufua.

Kuhusu majira ya baridi sitaahidi.

Binti yako,
Hedi


Innerau, 14 Oktoba 1962

Mwanangu Hedi,

Ng'ombe wameshuka. Safari hii nilipanda gari la nyasi, hata sikuambiwa. Mweusi alizaa ndama jike, naye ana doa jeupe kichwani, Severin amchoree kofia akipenda. Baba yako anakohoa asubuhi na jioni, nakuambia ukweli, mwaka huu nasema ukweli mpaka watu wananiogopa. Nimemwambia Afra habari yote dukani kwa sauti, mbele ya mzani. Alilia yeye, mimi sikulia. Jana kaniletea ngozi ya kondoo, akasema, "Ya kukalia. Ya mtoto." Akaondoka mbio kabla sijamtukana.

Sikuombi uzi. Mwambie Severin babu yake hakukasirika hata siku moja, na asihangaike kuinua mkono. Mwezi uliopita baba yako alishusha zile mbao ukutani. Nilidhani anazitia motoni nikasimama mlangoni. Hakuzitia motoni. Alizikata ncha pamoja na jina, akazitia kwenye mvuke upya, akazipinda zaidi, na juu yake amejenga sleji. Msumari mmoja umeingia kombo, niliuona nikauacha.

Ile ya Kassian ilikuwa na kiti kimoja. Tulikuwa tunamwachilia kule kanisani tukimkimbilia nyuma, hatukumfikia, kila mara alifika chini peke yake. Nilimweleza baba yako jambo hilo, sijawahi kumweleza. Alienda akavunja kiti alichokuwa ameshakimaliza akaanza tena.

Hii ina viti viwili, mwanangu. Cha nyuma amenipimia mimi. Nilisimama karakana na fulana mbili na koti, akanizungushia uzi kiunoni, ule ule mwekundu wa Severin, ukawa mfupi, ikabidi auunganishe.

Njooni mwaka huu. Sisemi njooni miaka yote.

Mama yako,
Notburga